Mashini Imepona, Mwayuma

Mwayuma mwanangu, mama yangu,

Salamu zangu unazipata kila asubuhi kwa mdomo, kwa hiyo leo sizirudii. Wewe uko Dilala unaaga rafiki zako, na mi nimebaki hapa Manika kwenye bureautique yetu, duka letu la kupiga barua na foto. Nimefunga mlango nusu, wateja wajue hatufanyi kazi lakini upepo uingie. Nakuandikia kwenye mashini yenyewe, hii kompyuta yetu. Ndiyo, mi mama yako, napiga barua kwa vidole viwili, na nikikosea narudi nyuma nafuta vile ulivyonifundisha. Usicheke! Nusu ya mtaa huu barua zao za kuomba kazi zimepigwa kwenye meza hii. Na mi nataka yangu.

Mambo ya safari tumeyamaliza. Sanduku limefungwa, mke wa baba yako mudogo Saidi atakaa na wewe kwenye kabini ya lori, na namna ya kula na kulala Dilolo anaijua yeye kuliko mi. Mi nataka tuseme juu ya mashini. Najua utasema, eh mama, mashini tena! Majuma haya yote hatukuongea kitu kingine. Lakini tuliongea tukizunguka, wewe huku, mi kule, na sitaki upande lori kesho kabla mmoja wetu hajasema kitu chenyewe. Baba yako yuko njiani na mzigo wa watu, kwa hiyo nitasema mi.

Acha nianzie pale Saidi alipopiga simu. Alisema kule Dilolo mpakani kazi imemzidi, bidhaa zinaingia kutoka Angola, makaratasi yamejaa meza, na yeye anataka mtu wa nyumbani anayejua ordinatere, mashini sawa hii yetu. Akasema, "Munipe Mwayuma." Wewe ukaitika hapo hapo, mbele yangu, na sauti yako ilikuwa kubwa. Mi nikapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaoa. Halafu ukaenda nyuma ya nyumba kuosha sahani zilizokuwa zimeoshwa. Niliona. Nikasema moyoni, mtoto ana furaha nyingi, hajui aiweke wapi. Mama gani anadanganyika namna ile?

Kuanzia siku ile njo nilianza kufikiri: Mwayuma akienda, mashini nitabaki nayo mi. Na mi naiogopa, unajua. Naogopa ife mikononi mwangu. Barabara yetu malori ya mawe ya shaba yanapita tangu alfajiri, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Nikachukua kipande cha kikwembe kilichobaki kwenye nguo zetu za Idi, kile cha maua ya njano, nikakishonea ndani kipande cha blanketi ya kijivu, nikalifunika sanduku la mashini juu mpaka chini, pande zote, nikaacha tundu dogo nyuma ya kupitisha nyaya. Nikaweka na dantela juu yake, kile kitambaa cha kufuma. Kwetu redio inavaa dantela, televizyo inavaa dantela, mashini inayotulisha ibaki uchi? Wewe mwenyewe ulisema, "Mama, imependeza sawa bibi-harusi." Nilifurahi sana siku ile, acha nikuambie.

Basi, haikuchukua muda, bibi-harusi akaanza kuchoka.

Unakumbuka? Unabonyeza herufi, unaenda nje kumwaga maji, unarudi, njo herufi inatokea. Picha za wateja zilikuwa zinashuka kidogo kidogo, nywele kwanza, halafu paji la uso, halafu macho, na mwenyewe amekaa pale anangoja mdomo wake ufike. Na ndani ya sanduku feni inalia kama gari inayopanda mlima na mzigo. Mi nikakimbilia kutafuta mwenye kosa. Njo tabia yangu, siifichi. Kitu kikiharibika nyumbani, mi naangalia watu kwanza, kitu chenyewe nakiangalia mwisho.

Wa kwanza alikuwa Ntumba, yule kijana mchimbaji aliyetoka Kasai, anayekuja na klé yake shingoni, ile flashi ya miziki. Alitaka foto ndogo za karti. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba wao wanatoka kwenye mashimo yao wanatuletea magonjwa mpaka ndani ya mashini. Akachomoa klé yake, akaifuta kwenye shati, akasema, "Mama, ndani muko miziki tu. Hamuna kitu mubaya." Akaondoka bila foto. Ulinitazama siku ile, Mwayuma, na mi nikajifanya napanga karatasi.

Halafu fundi Dédé wa Dilala. Akaja, akakaa, akabonyeza bonyeza, akasema ni virusi. Akasafisha, ikabaki vile vile. Akasema ni mémoire, kichwa cha mashini ni kidogo, inafaa kununua ingine. Kesho yake akasema, "Mama, dawa ni moja. Tufute byote, tuanze mupya." Nikamwambia aondoke na dawa yake. Humu ndani kuna picha za matanga za watu ambao familia zao hazina picha nyingine. Kufuta byote, byote vya nani?

Lakini neno lake likanibakia, kwamba labda imejaa. Nikasema, mtu akila sana si anakuwa mzito? Ulipokwenda sokoni, mi nikakaa nikaanza kufuta vitu kuipunguzia tumbo. Nikafuta ile dosye, faili ya mifano ya barua uliyoitengeneza tangu ulipokuwa sekondari. Uliporudi ukaitafuta, ukaniangalia, ukafungua kapu la takataka la mashini, ukairudisha pole pole, ukasema, "Mama, haiko na njaa, haiko na shibe. Uiache tu." Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza.

Na kulikuwa na kitu ambacho wote tulikiona tukakiacha. Asubuhi ilikuwa inaamka vizuri. Tukifungua duka, inakwenda. Tukimaliza chai, inaanza kulegea. Tukiizima mchana mzima juu ya courant ya umeme kukatika, jioni inaamka tena na nguvu. Ugonjwa wenye saa zake! Virusi havinywi chai, Mwayuma. Lakini mi sikuunganisha, akili yangu ilikuwa mbali.

Ilikuwa mbali juu ya lile neno lako. Ulisimama hapo mlangoni na karatasi za mteja mkononi, ukasema, "Mama, mi siendi tena Dilolo. Nitakuacha namna gani na hii mashini mugonjwa?" Nikakujibu, usiseme vile, baba yako mudogo anakungoja. Mdomo ulisema hivyo. Moyo ulifurahi. Nakuandikia wazi ili usije kusikia kwa mtu mwingine, ingawa hakuna mwingine anayejua. Nilifurahi mpaka nikaona haya, nikatoka nje nikajifanya namwita muuza mkaa.

Sasa siku ya kufua. Wewe ulikuwa umepeleka kazi za watu upande wa Dilala, courant ilikuwepo, mashini imewashwa, imelegea kama kawaida. Nikasema nivue kile kifuniko nikifue na nguo zingine. Nikavua. Weh! Joto lililonipiga usoni! Sanduku huwezi kuliwekea mkono, ni sufuria ya ugali wa bukari inayotoka jikoni. Nikalaumu jua. Nikatupa kifuniko kwenye beseni, nikaenda bombani, maji hayatoki, nikasimama na wenzangu tukisengenya. Niliporudi, kimya. Feni ilikuwa imetulia. Nikaisogeza ile panya ya mashini, mshale ukakimbia. Nikafungua picha, pa! uso mzima. Nikafungua nyingine, pa! Nikakaa chini kwenye sakafu, Mwayuma. Ni mi. Si Ntumba, si courant, si kichwa kidogo. Ni mi na blanketi yangu na dantela yangu. Nilikuwa nimeiziba pumzi kwa kuogopa isife.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angengoja mtoto wake arudi amwambie, mama, nimepata, kesho kutwa panga sanduku. Mi nilisikia moto-taksi yako inasimama nje, nikasikia sauti yako unamlipa kijana. Nikachukua kifuniko kikavu kwenye beseni nikamvisha tena mgonjwa wangu. Ulipoingia ukauliza, "Iko namna gani?" Nikasema, "Masikini, iko vile vile."

Nimeandika. Imetoka. Subiri ninywe maji.

Siku zile zilizofuata nilikuwa mwigizaji mkubwa. Nilikuwa napiga sanduku kwa kiganja, nasema pole weh, pole. Nilikuwa nasema mbele yako kwamba Mungu ana sababu zake. Nilimtaja na Mungu, astaghafirulahi. Na kila nilipokuona umekaa unangoja herufi itokee, nilikuwa nasema, bado siku moja tu, nimuone hapa siku moja zaidi.

Halafu ikaja ile kazi ya mwanafunzi, kile kitabu chake cha kumaliza masomo, kinene, kimejaa picha na majedwali ya hesabu. Mashini ilikuwa haiwezi hata kukifungua. Nikakuacha nacho nikaenda sokoni kutafuta samaki. Sikukawia sana. Niliporudi nimekuta kitabu kimepigwa, kimesahihishwa, kimetoka kwenye karatasi, kimefungwa, na wewe umekaa unajipepea. Nikauliza, "Umefanya namna gani?" Ukasema, "Nimejikaza tu, mama." Nikataka kukusifu. Macho yakaenda chini ya meza, kwenye sanduku la mashini. Kifuniko kilikuwa kimevikwa kinyume. Blanketi ya kijivu nje, maua ya njano ndani.

Nikaenda kupaa samaki.

Nilipaa samaki mmoja mpaka akabaki mifupa, nafikiri. Mtoto anajua. Tangu lini? Labda tangu kabla yangu, wewe mikono yako inalijua lile sanduku. Anavua mi nikitoka, anafanya kazi yake, anasikia sandali zangu, anavika. Na mi navika nikisikia moto-taksi yake. Sisi wawili, kwenye chumba kimoja, kila mtu anamfunika mgonjwa mmoja kwa zamu! Nilicheka peke yangu na kisu mkononi. Halafu nikaelewa kwa nini wewe unavika, na kicheko kikakatika. Mi nilikuwa navika ili nikubakishe. Wewe ulikuwa unavika ili ubakishwe. Ulikuwa unaogopa, mama yangu, na hukuwa na mtu wa kumwambia, juu mi nilikuwa nimeshapiga vigelegele.

Jioni ile Saidi akapiga. Ulikuwa karibu, ulisikia. Alisema lori linapakia, kama hauko ndani atachukua kijana wa jirani yake, na hawezi kumlaumu mtu. Tukala bukari. Tukaanza kuelezana habari ya mashini, namna inavyoteseka, namna haiwezi kuachwa, kama watu waliotoka kumtembelea mgonjwa hospitali. Mi nilikuwa najua, wewe ulikuwa unajua. Ulikula kidogo sana. Na lile tonge lako la mwisho ulilolizungusha kwenye sahani bila kulipeleka mdomoni njo lilinikumbusha nyumbani Kasongo, na sitakuacha uende bila kukuambia.

Nilipokuwa msichana wa umri kama wako, kulikuwa na masomo ya kushona Kindu. Shangazi yangu alikuwa amenitafutia nafasi. Nilikuwa nimefurahi mbele za watu, na usiku naomba Mungu mto ujae nisivuke. Kabla ya siku yenyewe mama yangu, bibi yako, akaanza kuumwa mguu. Mguu wa kulia. Hawezi kusimama, hawezi kwenda kisimani. Nikasema, mi siendi, mama anaumwa. Watu wakanisifu, msichana ana heshima huyu. Nafasi akapewa mwingine. Mguu ukapona bila dawa, na siku ya soko iliyofuata bibi yako alikuwa anatembea mbele yangu na kapu kichwani.

Sikumuuliza. Mpaka amezikwa sikumuuliza. Miaka mingi nilikuwa na hasira naye, kidogo tu, ile hasira ya kukata vitunguu kwa nguvu. Nilikuwa nasema alinifungia njia. Sasa nikikaa na mimi mwenyewe nakumbuka vizuri zaidi. Nakumbuka asubuhi ile aliponiita akasema mguu unauma, mi nililia, na kilio kile kilikuwa cha nafuu. Alikuwa amenipa nilichokuwa nataka. Labda aliona tonge langu. Labda aliogopa kubaki peke yake. Labda mguu uliuma kweli, nani anajua? Ninachojua ni kwamba tulipendana sana siku ile, yeye na mi, na tulikosea wote wawili. Na kushona nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwa kuharibu nguo za watu. Njo maana mishono yangu iko vile unavyoijua.

Kwa hiyo leo asubuhi, ulipokuwa unafagia, nikavua kifuniko mbele yako. Hukuacha kufagia, lakini fagio lilikuwa linapita mahali pamoja tu. Nikakitia kwenye beseni, na safari hii maji yalikuwemo. Nikaleta kipepeo cha jiko nikapepea vumbi kule nyuma kwenye tundu za feni, tukakohoa wote. Nikawasha. Ukasema, "Kumbe imepona." Nikasema, "Imepona." Halafu ukaweka fagio chini ukaenda kukunja nguo zako, na mi nikabaki nimeshika kipepeo. Maneno yalikuwa mengi na hakuna hata moja lililotoka. Njo maana nimekaa hapa na vidole viwili.

Nataka ujue kwamba sikuvua ili kukufukuza. Na sikuvua juu ya kujua kwamba kule utafaulu. Sijui. Dilolo siijui, nilifika mara moja tu na baba yako, nakumbuka reli na watu wanaosema Kireno haraka. Kutakuwa na madereva wenye haraka na midomo mibaya. Utakosea karatasi za mtu, mzigo utalala mpakani, mwenyewe atapiga kelele mbele ya watu, na jioni utatamani mama yako augue kitu. Mi nimemkosea Ntumba kwa sauti kubwa namna ile na sikufa. Nimemtafuta wiki hii pale anaponunuaga mikate, nikamwambia, mwanangu, haikuwa wewe, ilikuwa mi. Unajua alisema nini? "Haina shida, mama. Lakini ile foto utanipiga bure." Nikampiga. Nimempiga, na foto nimeikata na mkasi mi mwenyewe, kichwa kimeenda upande kidogo, akasema ni muzuri vile vile.

Na woga wako usiuonee haya. Mi nilifikiri woga ni kitu ambacho mama anamwondolea mtoto, nikaona sina dawa, nikakaa kimya. Kumbe ningeweza kukuambia tu kwamba na mi ninao. Ungekuja jikoni ukasema, mama, naogopa, na mi ningesema, na mi pia, leta kisu tupae samaki. Hatukufanya vile. Siku nyingine tutafanya. Hata kwa simu inafaa. Ukiogopa, sema naogopa. Usiniambie kwamba kichwa kinauma.

Juu yangu usitengeneze habari nyingi kichwani. Nitakosea hapa. Nitafuta barua za watu, nitaita fundi Dédé bure, nitagombana na mashini ya fotokopi. Wateja watanicheka, watazoea. Nyumba itakuwa na kimya ambacho sikitaki, na nitakilalamikia kwa kila atakayeingia. Hiyo ni kazi yangu, si yako. Wewe ya kwako imekungoja.

Nimempigia Saidi kabla sijaanza kuandika. Akauliza, "Yaya, dada yangu, anakuja kweli? Ama nimwite yule kijana?" Nikasema anakuja. Akasema, "Na ile mashini?" Nikasema, mashini haina ugonjwa, haikuwa nao, mwachie Mwayuma nafasi yake. Akasema, "Aksanti, yaya." Nilikuwa nimeshakata simu ndipo nikaanza kulia, na nimelia vizuri, na sasa nimenawa uso na wewe utarudi utanikuta mzima.

Lakini kesho sikuahidi. Kesho pale lori linapopakia nitalia tena, na nitalia na sauti, unanijua, watu watageuka. Utakuwa umeshapanda, utaniona kwenye kioo, na mguu wako utatafuta mlango.

Usishuke, Mwayuma.

Mama yako,
Faida